Si malaria wala taifodi, huenda ni tembe zinakudai

Kuna homa fulani mitaa ya Eastlands ambayo maabara haiioni. Unaamka asubuhi unapiga miayo ilhali umelala. Pua inatiririka kama ya mtoto, vinyweleo vimesimama ingawa jua limewaka, tumbo linakoroga, miguu haitulii na mgongo unauma kama umepigwa rungu. Unaenda kwa kemisti wa karibu. Anakuuliza maswali mawili, anakupa dawa ya malaria, na ya taifodi juu yake. Unameza, na kwa vile maumivu bado yapo, unaongeza zile tembe zako mbili za mgongo. Baada ya saa moja hivi uko fiti. Unaambia watu dawa ya malaria imeshika.

Huenda haikuwa malaria kabisa. Huenda kilichokutuliza ni zile tembe mbili, na kilichokuangusha ni kuchelewa kuzimeza.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haimfai mbu wa malaria. Wengi wanaopatikana na malaria hapa huwa wametoka safari za Kisumu, Busia, Homa Bay au Pwani. Taifodi nayo ipo, lakini kile kipimo cha haraka cha damu kinachofanywa vizahanati vya mtaani hutoa majibu ya uongo mara nyingi. Kwa hivyo mtu ambaye hajasafiri, na ambaye "malaria" yake inarudi kila anapokosa dawa za maumivu, anafaa kujiuliza swali lingine.

Watu wa Pwani walishaipa hali hii jina: arosto. Ni yale mateso yanayomshika mtu mwili wake unapodai dawa uliyoizoea. Neno hilo limefika Nairobi, lakini wengi wakilisikia wanafikiria teja wa heroini, mtu wa sindano. Hawafikirii kwamba linaweza kumhusu makanga wa Umoja, mama mboga wa Kariobangi au mwanafunzi wa chuo anayekaa Donholm, ambaye kosa lake lote ni kwamba alikuwa na maumivu na akapata kitu kilichoyatuliza.

Mgongo ndio mtaji

Eastlands ni upande wa wachapakazi. Mitaa ya zamani kama Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo ilijengwa enzi za ukoloni ili Waafrika waliolifanyia jiji kazi wapate pa kulaza kichwa. Miaka imepita, lakini kwa wengi mgongo bado ndio mtaji. Kuna anayesukuma mkokoteni kutoka Marikiti, anayepiga mabati nyundo Kamukunji kutwa nzima, anayepandisha kokoto ghorofa ya tano kwenye mjengo, na wa boda anayekaa kwenye pikipiki saa 14 huku barabara ikimtikisa uti.

Kazi ya kibarua hailipi mgonjwa. Ukilala leo, leo hiyo imeenda. Ndiyo maana tembe ya maumivu kwa wengi haijaanza kama anasa. Imeanza kama chombo cha kazi, sawa na gambuti au glavu. Msee mmoja anamwambia mwenzake, "jaribu hii, utabeba hadi jioni," na ni kweli, anabeba hadi jioni.

Wengine wamepitia mlango tofauti. Kuna aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua, aliyevunjika mguu kwenye ajali ya boda, aliyeng'olewa jino, na dada anayezimia kwa maumivu ya hedhi kila mwezi. Walipewa dawa za siku tano. Siku tano zilipoisha walirudi, si kwa daktari bali kwa kemisti, na safari hii hakuna aliyewauliza karatasi.

Kisheria, dawa kama tramadoli inafaa kutolewa kwa karatasi ya daktari pekee. Mtaani, wapo wanaoiuza tembe moja moja kama peremende, bila boksi na bila ile karatasi ya maelezo ndani. Mnunuzi anaijua kwa rangi tu. Anaondoka na dawa ambayo hajui jina lake, nguvu yake, wala kiwango ambacho akikipita anajiweka hatarini.

Si kila tembe

Hapa tusichanganye mambo. Panadol ya kawaida haikuletei arosto. Wala ibuprofeni, wala diklofenaki. Hizo zina madhara yao ukizidisha: parasetamoli huua ini, na hizo nyingine hutoboa tumbo na kuchosha figo. Lakini mwili hauzidai kwa jinsi tunayoizungumzia hapa.

Zinazodai ni za ukoo wa afyuni: kodeini, tramadoli, pethidini, mofini. Heroini ni ndugu yao wa damu. Kodeini ikifika kwenye ini, sehemu yake hugeuzwa kuwa mofini, na hiyo mofini ndiyo inayotuliza. Tramadoli ilitengenezwa Ujerumani na kuingia sokoni mwaka wa 1977. Yenyewe inafanya kazi mbili: inagusa pale mofini inapogusa, na pia inapandisha kemikali za ubongo zinazobeba hisia za furaha na ukakamavu. Ndiyo sababu mtu wa mjengo anasema inampa stimu. Ndiyo sababu pia kuiacha ni kugumu maradufu, kama tutakavyoona.

Kodeini hujificha. Mara nyingi imechanganywa na parasetamoli kwenye tembe za kichwa au na dawa ya kikohozi ya maji. Soma boksi. Ukiona maandishi "codeine phosphate", "dihydrocodeine" au "tramadol hydrochloride", jua umeshika dawa ya ukoo huo. Kama unauziwa bila boksi, omba ulione. Anayekataa kukuonyesha boksi amekujibu tayari.

Mchanganyiko huo una mtego mwingine. Kiwango cha juu cha parasetamoli kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500. Mtu anayemeza tembe 15 za mchanganyiko akitafuta ile kodeini kidogo iliyomo, anameza pia parasetamoli ya kutosha kuharibu ini lake. Na ini haliumi mapema. Macho yakiwa ya manjano, mambo yameshaenda mbali.

Hatua tatu

Kwanza mwili unazoea. Tembe moja iliyokuwa inakulaza sasa haifanyi kitu, unaenda mbili, halafu nne. Hii si tabia mbaya, ni jinsi ubongo ulivyoumbwa.

Pili mwili unategemea. Umezoea dawa iwepo, na ikikosekana unagoma. Hapo ndipo miayo, makamasi na kuhara vinapoingia. Hata mgonjwa wa saratani au wa selimundu anayetumia mofini jinsi daktari alivyopanga atafika hapa, na huyo si mraibu. Ni mgonjwa anayetibiwa, na asinyimwe dawa kwa sababu ya woga wetu.

Tatu ndiyo uraibu wenyewe: pale dawa inapoanza kukupangia maisha. Unaijua kwa mambo inayokufanya uyafanye, hata kabla ya kuhesabu tembe.

Kwa hivyo jiulize, na ujijibu ukiwa peke yako, bila mtu wa kumfurahisha:

Je, kile kidonda au ule mgongo uliokufanya uanze ulishapona, lakini bado unameza?

Je, ulishawahi kusema "wiki hii napunguza" na wiki ikaisha ukiwa umeongeza?

Je, una kemisti zaidi ya mmoja, ukizunguka Kayole, Komarock na Saika ili asiwepo anayekuhesabu?

Je, unameza kabla ya maumivu kuja, ili tu uwe sawa?

Je, umewahi kutumia pesa ya kodi, ya chakula au ya mafuta ya pikipiki kununua tembe?

Je, unazificha? Kwenye soksi, ndani ya kava ya simu, chini ya godoro?

Je, ukibaki na mbili pekee jioni, usingizi unakuruka kwa hofu ya asubuhi?

Ukijibu ndiyo kwa mawili au zaidi, na hali hiyo imekuwa nawe kwa miezi, ongea na mtu wa afya. Si kwamba umehukumiwa. Tatizo likiwa bado dogo, kutoka kwake pia ni kwepesi.

Walio karibu nawe wanaweza kuona mapema kuliko wewe. Mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya pini hata gizani. Mtu anajikuna pua na mikono bila kuwa na upele. Hapati choo kwa siku nyingi. Anasinzia katikati ya mazungumzo, anaamka, anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Kisha siku nyingine anakuwa mkali, jasho linamtoka, na mboni zimepanuka. Karatasi tupu za tembe zinapatikana mahali pasipotarajiwa.

Hata kipa wa Uingereza

Anayedhani hili ni tatizo la watu dhaifu amuulize Chris Kirkland. Mashabiki wa Liverpool wanamkumbuka, kipa mrefu aliyewahi kuidakia hata timu ya taifa ya Uingereza mwaka wa 2006. Amesimulia hadharani jinsi alivyoanza kumeza tramadoli kwa ajili ya mgongo wakati wa kuhamia Sheffield Wednesday mwaka wa 2012, na jinsi alivyofika miligramu 2,500 kwa siku. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa kawaida ni 400. Kwa kapsuli za miligramu 50, hiyo ni tofauti ya kapsuli 8 na kapsuli 50. Alikuwa na daktari wa timu, mshahara wa kitajiri na familia, na bado ilimnasa. Kilichomwokoa hatimaye ni kusema.

Tangu Januari 1, 2024, shirika la kupambana na dawa za kusisimua michezoni duniani, WADA, limepiga marufuku tramadoli siku ya mashindano. Kwa hivyo wewe unayecheza Camp Toyoyo pale Jericho au unayekimbia ukiota kuitwa timu ya taifa, ile tembe unayopewa na beshte kabla ya mechi "uondoe uchovu" inaweza kukufungia mlango ambao hujaufikia bado.

Marekani nako janga lao halikuanzia kwa magenge. Lilianzia kwenye karatasi za madaktari. Kampuni ya Purdue ilileta tembe za OxyContin sokoni mwaka wa 1996, na mwaka wa 2007 ikakiri mahakamani kwamba iliupotosha umma kuhusu hatari ya uraibu wake. Dawa kutoka hospitalini, ikiwa kwenye boksi safi, bado inaweza kukumeza wewe.

Arosto inakujaje?

Kwa dawa hizi za muda mfupi, arosto huanza kati ya saa 8 na 24 baada ya tembe ya mwisho. Mwanzoni ni wasiwasi, miayo, machozi na makamasi. Kisha yanafuata jasho, baridi, vinyweleo, kuumwa viungo, kichefuchefu, kutapika na kuhara. Miguu inarusharusha usiku, usingizi hauji. Siku ya pili na ya tatu huwa ndiyo kilele. Kwa wengi mwili unatulia kati ya siku ya 4 na ya 10. Kinachobaki baadaye ni usingizi mbovu, moyo mzito na hamu inayokuja na kwenda kwa wiki kadhaa.

Tramadoli ina nyongeza. Kwa sababu inachezea pia zile kemikali za hisia, wengine hupata hofu kubwa ya ghafla, ganzi au hisia za umeme mwilini, kuchanganyikiwa, hata kuona vitu ambavyo havipo. Familia nyingi zikifika hapa hufikiria amerogwa. Tramadoli nyingi kupita kiasi pia huweza kuleta kifafa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani.

Na hapa ndipo uongo wa arosto ulipo: inavaa sura ya ule ugonjwa uliokufanya uanze. Kama ulianza kwa mgongo, mgongo ndio utakaouma zaidi. Kama ni kichwa, kichwa. Utaapa kwamba ugonjwa umerudi na dawa unaihitaji kweli. Mara nyingi huo ni mwili unadai tu, na deni hilo ukilipa leo, kesho linakuja na riba.

Usiache ghafla, usiache peke yako

Kishujaa cha kutupa tembe zote chooni Jumapili jioni huwa kinaisha Jumanne asubuhi mlangoni pa kemisti. Njia inayofaa wengi ni kushuka ngazi badala ya kuruka dirishani.

Hatua ya kwanza ni hesabu. Andika kwa siku tatu kila tembe unayomeza, saa ngapi na ya nguvu gani. Usijidanganye. Nenda na karatasi hiyo kwa daktari au afisa wa kliniki. Atakupangia kupunguza kidogo kidogo, kwa mfano asilimia 10 ya kipimo kila wiki moja au zaidi, kulingana na mwili wako. Polepole si uvivu. Ukilemewa, unakaa kwenye ngazi uliyopo kwa wiki nyingine, lakini hupandi tena juu.

Tembe za wiki mpe mtu unayemwamini azishike, akupe za siku moja moja. Dada, mchumba, mwenzako wa keja, mzee wa kanisa au wa msikiti, mradi awe mtu ambaye hatakuonea huruma saa nane usiku.

Daktari anaweza pia kukupa dawa za kupunguza makali: ya kutuliza jasho na mapigo ya moyo, ya kichefuchefu, ya kuhara. Kwa waliozama sana zipo methadoni na buprenofini, ambazo hushikilia mwili bila ile panda shuka ya kila saa chache. Hizi zote si za kununua kichochoroni. Hata ile ya kuzuia kuhara ambayo kemisti anauza, ukiimeza nyingi inaweza kusimamisha moyo.

Nyumbani, pigana na ukavu wa mwili. Chumvi na sukari za pakiti za kuchanganya na maji, zile wanazopewa watoto wanaohara, ndizo silaha yako. Kunywa kidogo kidogo kila dakika chache. Uji mwepesi, ndizi, supu ya mifupa, wali laini. Maji ya moto kwa kuoga husaidia misuli na miguu inayorusharusha. Tembea hata kama ni kuzunguka ploti mara tatu. Simu izime usiku, maana dili nyingi za tembe hupangwa usiku mtu akiwa na uchungu.

Usiizibe arosto kwa kitu kingine. Chang'aa, bugizi, bangi na muguka vinaweza kuonekana kama msaada wa usiku mmoja. Pombe au bugizi juu ya tembe hizi huzima pumzi, na hivyo ndivyo wengi wanavyolala wasiamke.

Kuna watu ambao hawafai kujaribu haya nyumbani hata siku moja. Wa kwanza ni mama mjamzito, kwa maana kuacha ghafla kunaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au kuharibu mimba. Wa pili ni mwenye kifafa. Wa tatu ni anayetumia pia bugizi au dawa nyingine za usingizi, au anayekunywa pombe kila siku, kwa sababu kuacha hizo ghafla kunaweza kumletea kifafa kikamuua. Hawa waanzie hospitalini.

Na yeyote yule, kimbia hospitali ukiona kuanguka kifafa, kuchanganyikiwa, kutapika damu, kukosa kukojoa kutwa nzima, au mawazo ya kujiua. Kuhusu hilo la mwisho, usiogope kwamba ukisema utashtakiwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Sema.

Wiki ya hatari si ile unayodhani

Watu huogopa siku ya tatu. Siku ya tatu inauma, lakini kwa mtu mwenye afya njema anayekunywa maji, arosto ya tembe hizi pekee ni nadra kuua. Kinachoua mara nyingi ni wiki ya tatu au mwezi wa pili.

Sababu ni rahisi. Ukiacha, mwili unasahau ile nguvu ya kuvumilia dawa. Siku umegombana na mtu, au mgongo umekushika, au umepata chapaa ya ghafla, unarudi kwa kipimo chako cha zamani. Zile tembe 10 ulizokuwa ukizimeza ukaendelea na kazi sasa zinakutana na mwili mgeni. Pumzi inapungua, midomo inakuwa ya samawati, mtu anakoroma kwa sauti ya ajabu na haamki hata ukimtikisa.

Ukimpata mtu hivyo usimwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mwite kwa jina kwa nguvu. Mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimzibe koo, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali iliyo karibu zaidi kwa chochote kinachosonga. Waambie ukweli kuhusu alichomeza. Ipo dawa ya kuzindua inayoitwa naloksoni, na daktari akijua mapema hapotezi muda akitafuta malaria.

Kwa hivyo kuteleza kukitokea, na huwatokea wengi, kusiwe na aibu inayokufungia chumbani. Rudi kwa aliyekuwa akikusaidia siku hiyo hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa mathe, kwa beshte

Ukigundua mwanao au rafiki yako anameza, usianze na neno teja. Ukishamwita teja, kitu cha pekee atakachojifunza ni kuficha vizuri zaidi. Anza na ulichokiona: "Nimeona hizi karatasi, nimeona hulali. Unaumwa wapi?" Kisha nyamaza, umpe nafasi.

Usimfungie kwenye nyumba wala kumfunga kamba hadi "itoke." Kuna wanaokufa kwa kukaukiwa maji au kwa kifafa nyuma ya mlango uliofungwa kwa upendo. Maombi yafanyike, hakuna anayeyazuia, lakini yaende pamoja na maji, uji na daktari. Usimpe pesa mkononi, mlipie kitu chenyewe. Na usimtarajie ashukuru wiki ya kwanza.

Kumbuka pia kuna maumivu yaliyoanzisha haya yote. Kama mgongo haujatibiwa, tembe zitarudi. Mazoezi ya mgongo kwa mtaalamu wa viungo, kubadilisha kiti cha pikipiki, kupumzika siku moja kwa wiki, kung'oa lile jino, kupimwa kwa nini hedhi inauma hivyo: hiyo ni sehemu ya tiba kama ilivyo kupunguza dawa.

Pa kuanzia

Simu ya Nacada ni 1192, ni ya bure, na si lazima uwe mtu wa heroini ndipo uipige. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki inahudumia Kayole, Komarock, Umoja na mitaa jirani, na vituo vya afya vya umma mitaani vinaweza kukuandikia barua ya rufaa. Mathari, kwenye barabara ya Thika, ndiyo hospitali kuu ya umma ya afya ya akili na uraibu nchini. Kliniki yake ya methadoni ilifunguliwa Desemba 2014, ikafuatwa baadaye na ya Ngara. Kliniki hizo zililenga hasa wanaojidunga heroini, kwa hivyo mtu wa tembe huenda akapangiwa njia nyingine, lakini wahudumu wake wanaijua arosto kwa jina na hawatakupima malaria.

Usisubiri uwe na nguvu za kuacha ndipo uende. Leo jioni, kabla hujalala, chukua karatasi na uandike idadi ya tembe ulizomeza tangu asubuhi, jina lake kama unalijua, na saa ulipomeza ya mwisho. Kesho fanya hivyo tena. Hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa na daktari, na wewe utakuwa tayari na jibu.